Uzi: Kuona jino lililoanza kuoza kwa taa ya zambarau, pale eksirei ilipo mbali (Tabora na Kigoma)

Tabibu_Sikonge

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wanaokagua vinywa vya watoto mashuleni na kwenye zahanati za huku Tabora na Kigoma, ambako eksirei ya meno maana yake ni nauli ya kwenda mjini. Tochi za zambarau zimejaa madukani, miwani ya rangi ya chungwa ipo kwenye kila chumba cha meno, na watu wameanza kumulika vinywa na kutangaza "limeoza hilo" kila wakiona nyekundu. Tuliweke sawa.

Ukimulika jino kwa mwanga wa nanomita 405 hivi, jino lenyewe linatoa mng'ao wa kijani. Sehemu kubwa ya mng'ao huo inatoka kwenye dentini, chini ya enameli (ganda gumu la nje la jino), kisha unapenya enameli kuja kwenye jicho lako. Enameli ikianza kupoteza madini inabaki na vitundu vidogo sana. Vitundu hivyo vinatawanya mwanga: zambarau haifiki vizuri ndani, na kijani kidogo kinachozaliwa huko kinashindwa kutoka. Matokeo yake unaona kivuli, giza ndani ya kijani. Kivuli hicho ndicho dalili ya madini kupungua.

Nyekundu ni habari nyingine kabisa. Inatoka kwenye porfirini, kitu kinachotengenezwa na bakteria wa utando (ute wa vijidudu unaoganda juu ya jino) uliokaa siku kadhaa bila kuguswa. Kilele chake kiko karibu na nanomita 635. Kwa hiyo giza linakuuliza "madini yamepungua?" na nyekundu inakuuliza "utando huu umelala hapa tangu lini?" Ukijibu swali la kwanza kwa jibu la pili, utatoboa jino lisilooza la mtoto wa watu.

Mpangilio ni huu. Mulika kinywa kikiwa kama kilivyokuja na upige picha ya utando. Halafu safisha kwa mswaki na maji, toa mabaki kwenye mifereji ya magego. Weka roli za pamba, kausha, ndipo umulike tena kutafuta giza. Kilichokuwa chekundu kikaondoka na mswaki kilikuwa utando. Kilichobaki cheusi juu ya jino safi na kavu ndicho cha kuzungumzia. Anayeanza na hatua ya mwisho anapima uchafu.

Magego32

Nakazia hapo kwenye kukausha, maana ndipo wengi wanapokimbia. Kabla hata ya kuwasha tochi ya zambarau, jicho na hewa vinakupa nusu ya jibu.

Enameli inapinda mwanga kwa kipimo cha 1.62, maji 1.33, hewa 1.0. Vitundu vya enameli iliyoanza kuoza vikijaa maji, tofauti na enameli ni ndogo, mwanga unapita, doa halionekani. Ukifukuza maji, hewa inaingia kwenye vitundu, tofauti inakuwa kubwa, mwanga unatawanyika, na doa jeupe la chaki linajitokeza mbele ya macho yako kama chumvi inayokauka kwenye jiwe. Ndiyo maana ICDAS, mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za kuoza kwa jino, unasema: doa linaloonekana baada tu ya kupuliza hewa sekunde 5 ni alama 1, linaloonekana hata jino likiwa na maji ni alama 2, yaani limeingia ndani zaidi.

Kama huna kiti chenye bomba la hewa, tumia pampu ya mpira ya mkono, ile ya kupulizia vumbi. Minyo nane hadi kumi kwa jino, na gozi kwanza ili kuondoa mate mengi. Kupuliza kwa mdomo ni kuongeza mvuke, acha.

Na probu (chuma chembamba cha kupapasia jino) yenye ncha kali iweke pembeni. Doa la chaki lina ngozi nyembamba juu bado nzima. Ukilichokonoa umelitengenezea tundu mwenyewe. Probu yenye kichwa cha duara cha nusu milimita inatosha: ipitishe taratibu uone kama pana ukwaruzo au ulaini.

FundiTaa_Ujiji

Kwa upande wa taa, wengi wananunua vitu vibaya. Tochi ya kukagulia noti mara nyingi ni nanomita 365 au 395, na lensi yake inakusanya mwanga kwenye kitone kimoja: katikati panaungua, pembeni giza. Utafikiri pembeni pote pameoza.

Unaweza kuunda yako:

LED mbili za wati 3 zilizoandikwa 405, zikiwa juu ya vibati vyao vya alumini vya milimita 20. Umeme ni power bank ya volti 5. LED ya namna hii inakula karibu volti 3.4, kwa hiyo zinabaki 1.6. Weka rezista ya ohimu 4.7 na utapata mkondo wa ampea 0.34. Rezista itachemka kama nusu wati na ushee, hivyo chukua ya wati 1, siyo zile ndogo za robo. Kila LED na rezista yake. Ukizifunga mbili kwenye rezista moja, ile yenye volti ndogo itakunywa mkondo mwingi, itapata joto, itakunywa zaidi, na itakufa ya kwanza.

Zifunge kulia na kushoto kwa kamera ya simu, sentimita 4 kutoka kwenye lensi, zimeinama kidogo kuelekea katikati. Moja peke yake inaleta kivuli cha mdomo na shavu. Kiwiko cha alumini cha dirishani kinatosha kuwa kishikio na kipozeo.

Mbele ya lensi ya simu (siyo mbele ya taa!) weka filta ya rangi ya chungwa. Kile kioo cha plastiki kinachokuja na taa ya bluu ya kugandishia dawa ya kuzibia meno kinafaa. Filta ya njano inapitisha bluu. Filta nyekundu inaua kijani, na bila kijani huna kivuli cha kulinganisha.

Kalinzi_Kahawa

Fundi, mtu akishaunda atajuaje kama filta yake ni nzuri? Macho yanadanganya.

FundiTaa_Ujiji

Majaribio mawili, dakika tano.

La kwanza, bakuli la chuma kisichoshika kutu, lile la kuwekea vifaa. Chuma hakitoi mng'ao wowote. Kimulike gizani ukitazama kupitia filta. Panatakiwa pawe karibu peusi. Ukiona doa la zambarau au bluu, filta inavuja, na kila picha utakayopiga itakuwa na ukungu unaoficha madoa hafifu. Ongeza tabaka la pili la filta ile ile ujaribu tena.

La pili ni yai lenye ganda la kahawia. Rangi ya ganda lile ni protoporfirini, ndugu wa porfirini za utando. Limulike: linawaka nyekundu kama kaa la moto. Yai lisipowaka, ama LED yako siyo 405 kama ilivyoandikwa, ama filta inakula nyekundu. Chukua yai ambalo halijakaa juani, kwa sababu mwanga unaichosha porfirini.

Na hilo la kuchosha linahusu kinywa pia. Ukimulika utando mwekundu muda mrefu, wekundu unapungua chini ya taa yako. Tafuta pembe na focus kwa mwanga mweupe hafifu, washa zambarau, piga, zima. Sekunde tatu au nne.

MwanaUrambo

Mimi bado natofautiana na mleta uzi. Nyekundu ni bakteria, bakteria ndio wanaoozesha. Kwa nini nisiseme penye nyekundu panaoza?

Tabibu_Sikonge

Kwa sababu wale wanaotoa nyekundu kali siyo lazima wawe wale wanaotengeneza asidi. *Streptococcus mutans*, anayetajwa kila siku kwa kuoza kwa meno, hatoi nyekundu ya maana. Nyekundu inatoka zaidi kwa jamii za kina *Prevotella* na *Actinomyces*, wanaoshamiri utando unapokuwa mnene na mkongwe. Mtoto anayelamba sukari kutwa anaweza kuwa na utando mchanga usiong'aa nyekundu kabisa huku asidi inakula jino. Mzee wa miaka 60 anaweza kuwaka nyekundu fizi zote kwa sababu ya ugaga (utando uliogeuka mgumu kama jiwe), na meno yake hayana tundu hata moja.

Nyekundu inakwambia mswaki haufiki hapa. Hiyo ni habari kubwa, kwa sababu nje ya mifereji ya magego kuoza huanzia pale pale mswaki usipofika. Lakini ni ramani ya mswaki.

Na kwa kazi hiyo ni nzuri kuliko vidonge vya rangi. Rangi inapaka utando wote, mchanga na mzee, na mtoto anarudi darasani na mdomo mwekundu. Taa inaonyesha mzee peke yake. Mpe kioo na miwani ya chungwa ajione, umwonyeshe ule mstari mwekundu kwenye ukingo wa fizi za magego ya chini upande wa ulimi. Anayetumia mswaki wa mti naye ataona ulipoishia: meno ya mbele safi, nyuma kumewaka.

Magego32

Umegusa vitu vinavyodanganya, ngoja niongeze vya huku kwetu.

Matembele, kisamvu, mchicha: klorofili inang'aa nyekundu chini ya taa hii. Kipande cha matembele kilichonasa kati ya magego kinaonekana kama utando wa mwezi mzima. Sukutua kwanza.

Tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, na kahawa nyeusi ya Kigoma. Madoa yake yananyonya zambarau, hayarudishi kitu. Utaona giza lililokolea kwenye mifereji na kuandika "kuoza". Angalia kwa mwanga mweupe: doa la kahawia linalong'aa na gumu chini ya probu ni doa tu, au ni kuoza kwa zamani kulikosimama.

Damu. Himoglobini inanyonya 405 kwa pupa, kwa hiyo fizi inayotoka damu inatia weusi kwenye ukingo wa jino, mahali pale pale unapotafuta madoa ya mwanzo. Safisha taratibu, bana kwa gozi dakika moja.

Roli za pamba na baadhi ya gozi zina ving'arishi kama vya sabuni ya kufulia. Chini ya zambarau zinawaka, kamera inadhani picha ina mwanga mwingi, inapunguza, jino linakuwa giza. Zisukume nje ya picha.

Dawa za kuzibia za rangi ya jino zinang'aa kwa namna yake, nyingine kuliko jino. Amalgamu (dawa ya kuzibia ya rangi ya fedha) ni nyeusi tii. Usisome kitu juu yake.

Dada_wa_Nzega

Umesahau floraidi kaka. Huku tunapokea watoto waliokulia Singida, Shinyanga na Arusha, maji ya visima yamewatia madoa. Yale nayo yanatoa giza chini ya taa, kwa sababu enameli yake ina vitundu vilevile. Taa haijui chanzo.

Tofautisha kwa mahali na umbo. Doa la floraidi linakuja mapacha: jino la kulia lina doa, la kushoto lake linalo la kufanana, limesambaa kama wingu au michirizi ya kulala, mara nyingi hadi kwenye ncha. Doa la kuoza linakaa kwenye nyumba ya utando: limepinda kama mwezi mchanga kufuata ukingo wa fizi, au liko ndani ya mfereji wa gego. Halina haja ya pacha. Na kuna yale magego ya kwanza, ya miaka sita, yanayoota na kiraka cheupe au cha njano chenye mpaka mkali kama kimekatwa kwa mkasi, pengine pamoja na meno ya mbele. Hilo ni jino lililoumbwa na enameli dhaifu. Linauma likipulizwa hewa, kwa hiyo huyo usimkaushe kwa nguvu, tumia gozi.

Kalinzi_Kahawa

Na katikati ya meno je? Hapo ndipo magego ya watoto yanapoozea kimyakimya.

FundiTaa_Ujiji

Zambarau hapo haifiki. Mwanga wa wimbi fupi unatawanyika sana kwenye enameli. Kadiri wimbi linavyorefuka ndivyo enameli inavyokuwa kama kioo. Kwenye nanomita 1310 ndiyo kama haipo, ila kamera zake ni bei ya kiwanja. Mashine ya KaVo iitwayo DIAGNOcam inatumia 780: inapitisha mwanga kutoka kwenye fizi pande zote mbili, kamera inatazama kutoka juu, na sehemu iliyooza inaonekana nyeusi ikianzia pale meno yanapogusana. Angalizo kwa wanaosoma picha mtandaoni: skana ya iTero inatumia 850 lakini inapokea mwanga unaorudi, siyo unaopita, kwa hiyo kwake palipooza panang'aa. Ukichanganya hizo mbili utasoma kinyume.

Cha kutengeneza nyumbani kipo. Kamera ya simu imewekewa kioo kinachozuia infraredi, haikufai. Chukua kamera ndogo ya kompyuta ya USB, fungua lensi, utakuta kioo chembamba chenye mng'aro wa bluu au wekundu nyuma yake. Kitoe. Badala yake weka kipande cha mkanda wa zamani wa picha za rangi uliosafishwa ukawa mweusi. Unazuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi. Lensi itapoteza focus kidogo, izungushe hadi picha ikae. Jaribu kwa rimoti ya televisheni: bonyeza, uone taa yake ikiwaka nyeupe kwenye skrini. LED mbili ndogo za 850, moja kila upande wa jino, zibane kwenye fizi chini kidogo ya shingo ya jino. Zikipanda juu, mwanga unaingia moja kwa moja kwenye lensi na picha inakuwa nyeupe tupu.

Kwa meno ya mbele huhitaji hata hayo. Tochi nyembamba nyeupe nyuma ya jino, taa ya chumba imezimwa, tazama mbele: kuoza kwa kati ni kivuli, ufa ni mstari ambapo mwanga unakatika ghafla.

MwanaUrambo

Nimekubali la nyekundu. Na ile kalamu ya leza inayotoa namba?

Dada_wa_Nzega

DIAGNOdent. Leza nyekundu ya 655, namba 0 hadi 99. Inapokea mng'ao unaotoka zaidi kwenye mabaki ya bakteria ndani ya jino lililooza, haipimi madini. Irekebishe kwenye kipande cha kauri kinachokuja nayo kila kabla ya kazi, kisha chukua sifuri ya mgonjwa mwenyewe kwenye uso usiooza wa jino lake la mbele. Ncha iguse mfereji, izungushe kama pendula, andika namba ya juu kabisa. Utando, ugaga, doa la kahawa na mabaki ya dawa ya kusugulia vyote vinapandisha namba. Ikizidi 30 kwenye jino safi, iheshimu, lakini hakuna namba inayoruhusu kutoboa bila jicho kukubali. Shida yake kubwa ni watu kuipenda kwa sababu inapiga mlio.

Kalinzi_Kahawa

Kwa wanaopiga picha za kufuatilia: simu iwe kwenye modi ya mkono. ISO 400, shata 1/30 au 1/60, rangi ya mwanga ibaki 5500, HDR na urembo zima. Sentimita 10, kuza mara 2. Simu ikiachwa ijiamulie, itasawazisha rangi na kuzika kivuli ulichokitafuta.

Na msihesabu asilimia kutoka kwenye JPEG bila kuirekebisha. Mfano: kijani cha sehemu isiyooza 120, kijani cha doa 96. Ukigawa unapata upungufu wa asilimia 20. Lakini namba za JPEG zimepindwa ili zipendeze machoni. Ukizinyoosha kwa kanuni ya sRGB, upungufu halisi ni karibu asilimia 38. Piga RAW (faili la picha ambalo simu haijalirembesha), fungua kwenye ImageJ, programu ya kupima picha, ni ya bure. Mashine za maabara huanza kuita doa kuanzia upungufu wa asilimia 5, simu haifiki huko. Linganisha picha ya leo na ya mtoto yule yule baada ya miezi mitatu, siyo mtoto na mtoto.

Magego32

Macho, wakuu. Mwanga wa 405 unaonekana hafifu kwa sababu jicho haliuoni vizuri, siyo kwa sababu ni mdogo. Mtoto avae miwani ya chungwa au afunikwe kitambaa cheusi, na wewe vaa. Leza za zambarau za kuchezea, zile kama kalamu, usiweke kinywani hata kwa mzaha: zimeandikwa miliwati 5, lakini hujui ndani kuna ngapi. Taa ya kugandishia nayo isitumike kupitisha mwanga kwenye jino, ina joto la kuumiza kiini.

Na msikague chini ya mwembe. Jua la Tabora linameza mng'ao wote. Utaona jino jeupe na kusema liko salama. Darasa moja, mablanketi dirishani, mlango umefungwa.

MwanaUrambo

Doa likipatikana, bila tundu, bila eksirei. Halafu?

Tabibu_Sikonge

Varnishi ya floraidi ya asilimia 5, ipake kwenye doa kavu, mtoto asile vigumu wala kupiga mswaki hadi jioni, rudia baada ya miezi mitatu hadi sita. Dawa ya meno yenye floraidi ppm 1000 hadi 1500 (sehemu kwa milioni) mara mbili kwa siku, ateme bila kusukutua. Pakiwa na tundu lisilouma na huna mashine, kuna silva daiamini floraidi ya asilimia 38, iliyoingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Waambie wazazi kabla, siyo baada: palipooza patakuwa peusi.

Dada_wa_Nzega

Na mkishaipaka hiyo, taa ya zambarau kwenye jino lile mmeiaga. Fedha ile nyeusi inanyonya kila kitu, kila ziara litaonekana limeoza zaidi. Piga picha ya zambarau kabla ya kupaka, iandike tarehe. Baada ya hapo fuatilia kwa probu ya duara: gumu, au laini.

FundiTaa_Ujiji

Anayetaka vipimo vya kiwiko cha alumini aniambie aina ya simu yake kwanza. Lensi ya pembeni na ya katikati haziwekwi sawa.